Kitufe cha "Weka Kando"

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mbishi alikuwa na kazi tatu katika karakana ya mama yake: kufungua madirisha mawili ya mbao, kufagia vipande vya uzi, na kupitisha sumaku sakafuni ili iokote pini zilizoanguka jana yake. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye cherehani mbili, meza ya kukatia na kioo kirefu. Nguo zilizokamilika zilitundikwa kwenye kabati upande wa kushoto. Upande wa kulia kulikuwa na rafu ndefu ya ubao, nayo iliitwa rafu ya kando.

Rafu hiyo ilikuwa na sheria yake. Mteja aliyeleta kitambaa kabla ya kuamua mshono, au aliyesafiri kabla nguo yake haijakamilika, alisema, "Fundi, niwekee kando." Mama alikikunja kitambaa, akakibandika kikaratasi chenye jina na tarehe, akakiweka rafuni. Hakuna kilichowahi kupotea hapo. Kitambaa kimoja cha bluu kilikaa miaka miwili, na mwenyewe aliporudi alikikuta na mikunjo ileile.

Mbishi alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Jina lake halisi liliishi katika daftari la mahudhurio tu. Hilo la Mbishi alipewa na bibi yake akiwa na miaka minne, siku aliposhindana na saa ya ukutani. Saa ilionyesha saa mbili asubuhi, na watu wazima wote wakakubaliana nayo. Yeye alikataa katakata, kwa hoja kwamba tumbo lake lilikuwa linadai chakula cha mchana. Baadaye ikaonekana saa ilikuwa imesimama. Jina likamganda, naye akalivaa kama nishani.

Jumatano moja, Mbishi akiwa bado na sumaku mkononi, mteja aliingia na gauni begani.

"Fundi, hili gauni limenibana."

"Limekubana wapi, dada?"

"Limebana tu."

"'Tu' haishoneki," mama alisema bila kuinua macho. "Livae. Inua mkono. Sasa ushushe. Linabana ukiinua au ukishusha?"

"Nikiinua."

"Vidole vingapi vinaingia hapa kwapani?"

"Kimoja."

"Haya. Hicho kimoja sasa tunakijua. Nitaachia nafasi ya viwili."

Mbishi alikuwa ameyasikia maneno hayo mara zisizohesabika. Alichukua mkoba wake, akaenda shule.

Chumba cha kompyuta kilikuwa mwisho wa ujia wa shule, na kilikuwa na mashine kumi na moja. Ofisi moja ilizitoa baada ya kuzichoka. Mwaka uliopita zilikuwa nzito kiasi kwamba mwanafunzi aliweza kuiwasha moja, akaenda kunywa maji bombani, akarudi na kuikuta bado inafikiri. Lakini wakati wa likizo mwalimu wa kompyuta, dada mmoja mwembamba asiyepoteza maneno, alizipangusa vumbi na kuziwekea toleo jipya la Linux, programu ya bure ya kuendesha kompyuta. Muhula ulipoanza, wanafunzi walikuta mashine zilezile zina tabia nyingine.

Ziliwaka katika muda wa kuhesabu mpaka arobaini. Mbishi alikuwa amehesabu. Printa, ambayo zamani ilimlazimu mwalimu kuandika mistari mirefu ya amri huku akisonya, sasa ilitambuliwa mara tu waya ulipochomekwa. Masasisho yalikuja yenyewe kupitia mtandao. Menyu na vitufe vilisema Kiswahili badala ya Kiingereza ambacho wanafunzi walikuwa wamekikariri bila kukielewa. Na maandishi yaliweza kukuzwa hatua kwa hatua, kwa kiwango ambacho mtu alikitaka, bila kuingia ukungu.

Hilo la mwisho lilibadilisha maisha ya msichana aliyekaa dawati moja na Mbishi. Aliitwa Miwani, kwa sababu alivaa miwani nene ambayo hata hivyo haikumtosha. Miaka yote alisoma kwa kuinamia kitabu mpaka pua iguse karatasi, au kwa kusomewa na Mbishi. Siku ya kwanza ya muhula mwalimu alikuza maandishi ya mashine ya saba mpaka herufi zikawa kubwa kama punje za maharage. Miwani akasogeza kiti nyuma, akakaa wima, akasoma ukurasa mzima kwa sauti. Tangu siku hiyo mashine ya saba ilikuwa yake, na hakuna aliyeigombania.

"Nani ametengeneza haya yote?" Mbishi aliuliza.

"Watu wengi, katika nchi nyingi," mwalimu alijibu. "Baadhi wanalipwa, wengine wanajitolea. Ni programu huria. Namna ilivyoundwa iko wazi, na yeyote anaweza kuisoma, kuitumia na kuirekebisha."

"Yeyote kweli, au yeyote wa mdomoni?"

"Wewe nawe! Yeyote kweli."

Mwalimu Mkuu hakushawishika. Alikuwa mtu mrefu aliyefundisha hesabu, mwenye shada la funguo kiunoni lililomtangulia kwa sauti kila alipokwenda. "Kitu cha bure kikiharibika utamshika nani shati?" aliuliza. Isitoshe, shule ilikosa mahali pa kuweka madawati mabovu, na chumba kile kilikuwa na nafasi nzuri. Alitoa jaribio moja. Darasa la Mbishi lipange orodha ya vitabu vyote vya maktaba, mia mbili na kumi na vinne, kwa kutumia kompyuta. Wakiweza, chumba kibaki. Wakishindwa, ataamua yeye.

Jumatano hiyo alasiri waliianza kazi kwenye mashine ya saba. Wanafunzi wawili walibeba vitabu kutoka maktaba. Mbishi aliandika majina ya vitabu. Miwani alikaa pembeni na kukagua kila herufi kwenye skrini, na alikuwa mkali.

"Umeandika 'safri'. Ni 'safari'."

"Vidole vimeteleza."

"Virudishe basi."

Kengele ililia wakiwa kwenye kitabu cha mia moja na tisini. Wengine wakatoka mbio. Mbishi alibofya alama ya kufunga, na swali likatokea katikati ya skrini: *Kazi hii haijahifadhiwa. Unataka kufanya nini?* Chini yake kulikuwa na vitufe vitatu: *Hifadhi*, *Ghairi*, *Weka kando*.

Mbishi alifikiri kwa muda wa pumzi moja. "Hifadhi" aliiona ni ya kazi iliyokamilika, kama lile kabati la nguo. Orodha yao haikuwa imekamilika. Vilibaki vitabu ishirini na vinne. Na kazi isiyokamilika ina mahali pake. Akabofya *Weka kando*, akazima mashine, akamfuata Miwani nje.

Alhamisi asubuhi orodha haikuwepo. Mwalimu wa kompyuta alitafuta katika folda zote, akatafuta hata kwenye pipa la takataka la mashine. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni, darasa zima likiwa nyuma ya kiti cha mwalimu.

"Nani alikuwa wa mwisho kwenye mashine hii?"

"Mimi, mwalimu," Mbishi alisema.

"Uliifanya nini kazi?"

Mbishi alijua alichobofya. Hakuelewa kwa nini kazi haikuwepo, lakini alijua kwamba akikitaja kitufe hicho angechekwa, na kuchekwa hakukuzoea.

"Niliihifadhi, mwalimu. Mashine imeila yenyewe."

"Una hakika?"

"Hata ukiniuliza mara kumi."

Mwalimu Mkuu aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesomewa jibu alilokuwa nalo tayari. "Mwalimu, umesikia? Mashine zinakula kazi za watoto. Zimebaki wiki nne muhula uishe. Siku ya mwisho, chumba hiki kinakuwa ghala la madawati."

Funguo zikaondoka zikilia. Mwalimu wa kompyuta alimtazama Mbishi kwa muda, kisha akaizima mashine ya saba.

Wakati wa mapumziko Miwani alimfuata uwanjani.

"Umedanganya."

"Nimedanganya wapi?"

"Hukubofya Hifadhi. Ulibofya Weka kando."

"Wewe umeonaje? Wewe hata ubao huuoni!"

Maneno yalitoka kabla hajayazuia. Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa upindo wa sketi, akaivaa tena taratibu.

"Ubao siuoni," alisema. "Ile skrini naiona. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kuwa shahidi wa kitu nilichokisoma mwenyewe. Na mashine iliyonisomesha ndiyo umeisingizia."

Akaenda zake.

Alasiri hiyo Mbishi alikuwa akikunja vitambaa karakanani wakati mteja wa makamo alipochungulia mlangoni. Wote nyumbani walimwita shangazi, ingawa hakuwa na undugu nao.

"Fundi, kile kitambaa changu usikikate kwanza. Niwekee kando."

Mbishi aliacha kukunja.

"Mama, mtu akisema 'weka kando', maana yake nini?"

"Maana yake nikiweke, arudi akikute."

"Haiwezi kuwa maana yake kitupwe?"

Mama alifikiri. "Wapo wanaosema, 'Weka kando hayo mambo,' yaani achana nayo. Lakini jaribu kukitupa kitambaa cha shangazi yako, halafu umweleze kwamba neno lina maana mbili."

"Nitalala hapa kizingitini mpaka kipatikane!" alisema shangazi, akacheka.

Alipoondoka, Mbishi alisimulia kisa cha vitufe vitatu. Mama alisikiliza huku akitia uzi sindanoni.

"Na Mwalimu Mkuu ulimweleza hivi?"

"Nilimwambia mashine imekula kazi."

"Imekula tu?"

Mbishi alirudia kukunja kitambaa kilekile.

"Umempelekea malalamiko yasiyo na kwapa wala kiuno," mama alisema. "Fundi akiambiwa 'limebana tu' na asiulize, atafanya nini? Atalitupa gauni zima. Ndicho anachotaka kufanya Mwalimu Mkuu, na wewe ndiye uliyemkabidhi mkasi."

Ijumaa Mbishi alimwomba Miwani radhi, bila kupamba. Miwani alisema amesikia. Kisha akauliza, "Sasa tunafanya nini?" na Mbishi akajua amesamehewa.

Walichofanya ni kuhesabu. Kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili jioni waliwauliza watu thelathini swali lilelile kwa maneno yaleyale: wateja wa karakana, majirani, wanafunzi wa madarasa mengine. "Uko katikati ya kazi. Umeambiwa uchague moja: ihifadhiwe, ighairiwe, au iwekwe kando. Ukichagua iwekwe kando, kesho utaikuta au hutaikuta?" Watu ishirini na sita walisema wataikuta. Watatu walisema hawataikuta. Fundi viatu wa jirani alisema inategemea aliyeambiwa; akiwa ni mwanawe wa kiume, hata hiyo iliyohifadhiwa haitaonekana. Yeye walimwandika peke yake.

Jumatatu asubuhi wote wawili waligonga mlango wa ofisi. Mwalimu Mkuu alikuwa akisahihisha madaftari kwa kalamu nyekundu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Semeni."

"Nimekuja kufuta jibu langu," Mbishi alisema. "Alhamisi nilisema nimeihifadhi kazi. Si kweli. Nilibofya kitufe kingine. Mashine haikula kitu."

Kalamu ilisimama. "Kwa hiyo ulinidanganya mbele ya darasa."

"Ndiyo, mwalimu. Na nitasahihisha mbele ya darasa."

"Utafanya hivyo leo. Na vitabu vyote utaviandika upya, wewe mwenyewe, nje ya vipindi. Nendeni."

Mbishi hakwenda.

"Kuna nini tena?"

"Adhabu naikubali, mwalimu. Ghala silikubali."

Miwani alimvuta mkono wa blauzi. Mwalimu Mkuu aliweka kalamu mezani.

"Hulikubali? Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyekupa sababu, nayo ilikuwa ya uongo. Nimeichukua. Sasa sababu haipo." Hakuishusha sauti. "Naomba dakika tano kwenye mashine ya saba. Zikiisha hujabadili mawazo, dawati la kwanza nitalibeba mwenyewe."

Labda ni kwa sababu Mwalimu Mkuu alikuwa mwalimu wa hesabu, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwendea kwa hiari kusahihisha jibu lake. Alisimama, akashika funguo zisilie, akatangulia.

Mashine ilipowaka, Mbishi alimwomba aandike swali la hesabu na kuliacha katikati. Mwalimu Mkuu aliandika kwa vidole viwili, akihema kwa kila herufi.

"Sasa kengele imelia," Mbishi alisema. "Hujamaliza, na unataka kuendelea kesho. Funga."

Swali la vitufe vitatu likatokea. Mwalimu Mkuu alisoma vitufe kwa kunong'ona. "Hifadhi... lakini sijamaliza. Ghairi, hapana." Akabofya *Weka kando*, akakunja mikono.

"Haya, kesho imefika. Lifungue."

Alitafuta. Aliangalia juu ya miwani yake, kisha kupitia miwani yake. "Liko wapi?"

"Limetupwa, mwalimu."

"Nani amelitupa?"

"Wewe. Kama mimi."

Miwani alikohoa ili asicheke. Mwalimu Mkuu aligeuka na kiti chake.

"Basi umenithibitishia kwamba mashine ni mbovu."

"Hapana, mwalimu. Mashine imefanya ilichoambiwa. Kwake 'weka kando' ni kutupa; neno ndilo limetudanganya. Hawa hapa watu thelathini."

Alimpa karatasi. Mwalimu Mkuu alipitisha kidole kwenye safu, akajumlisha kwa midomo, ishirini na sita, tatu na moja, akaona hesabu imetimia.

"Na nani atalibadilisha neno? Programu inatumika dunia nzima. Wewe?"

"Ndiyo, mwalimu. Tuliambiwa yeyote anaweza kuirekebisha. Nataka nione kama ni yeyote kweli."

Mwalimu Mkuu aliikunja karatasi, akamrudishia. "Sawa," alisema mwishowe. "Siku ya mwisho ya muhula nitakuja na kukaa hapahapa. Nikikuta neno ni lilelile, madawati yanaingia. Sitaki kusikia 'karibu litabadilika'. Nataka kuona limebadilika."

Siku hiyohiyo Mbishi alisimama mbele ya darasa na kueleza alichobofya, na alichokisema badala yake. Walicheka, kama alivyotarajia. Aliwaacha wacheke mpaka wakachoka, kisha akakaa.

Mwalimu wa kompyuta alimwonyesha ukurasa kwenye mtandao ambapo watumiaji hutoa taarifa za makosa. Tafsiri ya Kiswahili ilikuwa na kikundi chake, na taarifa ingeweza kuandikwa kwa Kiswahili. Mbishi alikaa, akaandika: *Programu yenu ni mbovu na imenipotezea kazi.* Mwalimu alisoma begani kwake. Mbishi aliisoma mara ya pili.

"Hii ni 'limebana tu'," alisema, akaifuta.

Alianza upya. Aliandika toleo la programu. Aliandika hatua alizofuata, moja baada ya nyingine, ili mtu mwingine aweze kuzirudia na kuona alichokiona yeye. Aliandika alichotarajia na kilichotokea. Aliambatanisha hesabu ya watu thelathini, na mwisho akapendekeza maneno mapya: *Funga bila kuhifadhi*.

Jibu lilikuja baada ya siku sita. Aliyejibu alijitambulisha kuwa muuguzi anayetafsiri programu siku zake za mapumziko. Lilikuwa jibu la heshima, na lilikuwa hapana. *Neno hili limo katika orodha yetu ya istilahi kwa miaka saba,* aliandika. *Hakuna aliyewahi kulilalamikia.*

"Basi," alisema Miwani, mabega yakishuka.

"Basi nini? Hajasema nimekosea. Amesema mimi ni wa kwanza."

Mbishi alijibu alasiri hiyo. Kati ya yote aliyoyaandika muhula huo, haya ndiyo aliyoyapima kwa makini zaidi: *Mimi pia sikulalamika mwanzoni. Nilisema mashine imekula kazi yangu, na haikuwa kweli. Labda kwa miaka saba wengine wamesema hivyohivyo. Aliyeona aibu hakutaja kitufe, na asiyejua alidhani mashine ni mbovu. Tafadhali waulize watu wa kazini kwako swali letu, kwa maneno yaleyale, kisha utuambie idadi.*

Zikapita siku nane bila neno. Katika siku hizo yeye na Miwani waliandika orodha upya kila baada ya masomo, wakihifadhi kwa kila vitabu kumi. Walimaliza vyote mia mbili na kumi na vinne. Nje ya chumba, wanaume wawili walianza kupanga madawati mabovu kwenye ujia, miguu juu. Mwisho wa wiki ya tatu palibaki upenyo wa kupita mtu mmoja kwa ubavu.

"Wanajiandaa," alisema mwanafunzi mmoja, akimcheka. "Mbishi, umeshachagua dawati lako la kubeba?"

"Nimechagua. Nitalikalia nikikuangalia unavyopita kwa ubavu."

Siku ya tisa muuguzi aliandika tena. *Nimewauliza wauguzi tisa wa zamu yangu. Wanane walisema wangeikuta kazi yao. Mimi nilikuwa wa kumi, na nilipokuwa natafsiri niliangalia kamusi, sikumwuliza mtu. Nimebadilisha neno kama ulivyopendekeza. Litakuja na sasisho lijalo. Samahani kwa vile vitabu mia moja na tisini.*

Sasisho lijalo lilikuwa lini, hakuna aliyejua kwa hakika. Kila asubuhi ya wiki ya mwisho Mbishi aliwahi shule, akapita kwa ubavu, akaandika herufi moja na kubofya alama ya kufunga. Jumatatu, *Weka kando*. Jumanne, *Weka kando*. Jumatano alibofya mara mbili, kana kwamba mashine ilikuwa haijamsikia. Alhamisi, siku ya mwisho ya muhula, mwalimu wa kompyuta alikuwa ameshafika kabla yake, na mashine ya saba ilikuwa inajizima na kujiwasha upya. Mbishi alihesabu mpaka arobaini. Hakuruhusu mtu mwingine kukigusa kipanya.

Saa nne funguo zilisikika ujiani, zikagongana na madawati, zikaingia. Mwalimu Mkuu alikaa. Aliandika swali lilelile la hesabu, akaliacha katikati, akafunga. Kisha akasoma kwa sauti ya kusikika chumba kizima:

"Hifadhi. Ghairi. Funga bila kuhifadhi."

Alitazama maneno hayo kwa muda, akabofya *Hifadhi*, akafunga, akafungua tena. Swali lake lilikuwepo.

"Orodha ya vitabu?"

Mwalimu wa kompyuta aliichomeka printa, nayo ikaanza kutoa karatasi. Miwani hakusubiri karatasi. Alifungua orodha kwenye skrini, akakaa wima, akaisoma kuanzia kitabu cha kwanza. Alipofika cha arobaini Mwalimu Mkuu aliinua mkono.

"Inatosha. Madawati yatafutiwe mahali pengine." Alisimama, akamgeukia Mbishi. "Niliuliza utamshika nani shati. Kumbe mwenyewe yupo, na anajibu barua. Ila hilo la kuniambia mbele ya mtu kwamba nimelitupa swali langu mwenyewe, tutaliongea muhula ujao."

"Ndiyo, mwalimu. Lakini ulilitupa."

"Nje!" alisema, na hakuwahi kusema neno hilo kwa upole kiasi hicho.

Alasiri Mbishi alisimulia yote karakanani, akiigiza sauti ya funguo. Mama alicheka mpaka akasimamisha cherehani. Halafu akaifunika, jambo alilolifanya pale tu alipotaka kusema kitu mara moja na kisirudiwe.

"Sijawahi kukukataza kubisha," alisema. "Siku ile ya saa ya ukutani ulikuwa sahihi kwa sababu saa ilikuwa imesimama. Makelele yako hayakuisimamisha. Katika jambo hili umebisha mara mbili. Mara ya kwanza ulibisha ili usichekwe, na watu wakakaribia kukosa chumba. Mara ya pili ulibisha ukiwa na ukweli mkononi, na neno la miaka saba likabadilika. Ukweli huo ulianza na kosa lako mwenyewe. Ungelificha, muuguzi yule angerekebisha nini? Ukitaka kitu kitengenezwe, kwanza sema ulichokifanya wewe, hata kama kinakuaibisha. Ukishasema, bisha mpaka wachoke."

Kivuli kilipita mlangoni. Alikuwa shangazi, na kitambaa kingine mkononi.

"Fundi, hiki nacho sijaamua. Niwekee kando."

Mbishi alikipokea kabla mama hajanyoosha mkono. Alikikunja, akaandika jina na tarehe kwenye kikaratasi, akakibandika.

"Ukirudi, shangazi," alisema, akikipandisha rafuni, "utakikuta."